Mtoto wa Sura ya Nne

Kwa miaka ishirini na sita nilifundisha somo la misingi ya elimu katika chuo cha ualimu hapa Bukoba. Kila mwaka, muhula wa kwanza ukishapamba moto, tulifika kwa wanaume watatu wa Ulaya ya zamani ambao mtaala ulitaka kila mwalimu awajue.

Wa kwanza alikuwa Mwingereza, daktari wa tiba, aliyesema akili ya mtoto anayezaliwa ni kama karatasi isiyoandikwa, na chochote kitakachosomeka juu yake kimeandikwa na maisha. Huyo alishauri pia watoto wavalishwe viatu vinavyopitisha maji ili miguu izoee baridi. Wanafunzi wangu, ambao wengi walimaliza shule ya msingi bila kuvaa kiatu cha aina yoyote, walicheka hapo kila mwaka. Wa pili alikuwa Mjerumani. Alisema mtu hawi mtu ila kwa kufundishwa, na kwamba mtoto anapelekwa shule kwanza si ili ajue kitu, bali azoee kukaa ametulia. Wa tatu alizaliwa Geneva akaishi sana Ufaransa, na huyo ndiye niliyempenda. Alisema mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ana namna yake ya kuona na kufikiri, na dhambi yetu wakubwa ni haraka. Mwache akimbie, aanguke, aujue moto kwa kuungua kidogo. Vitabu vinaweza kungoja hata afikishe miaka kumi na miwili. Mama anyonyeshe mwenyewe. Baba afundishe mwenyewe.

Nilimfundisha vizuri mtu huyu. Sijisifu, walimu waliopita kwangu wakinikuta sokoni bado wananikumbusha vipindi vile. Nilikuwa natembea kati ya madawati, chaki mkononi, nikiuliza: "Nani kati yenu aliwahi kuachwa awe mtoto?" Darasa linanyamaza. Nilipenda sana ule ukimya.

Na miaka hiyo hiyo nilikuwa na mtoto mmoja wa kike, na hakuwa kwangu.

Nilimzaa nikiwa mwaka wa pili wa shahada yangu ya kwanza. Baba yake alikuwa mwanafunzi mwenzangu, tulifanya naye mazoezi ya kufundisha; alipopangiwa kazi mkoa mwingine alioa huko, na hadithi yake inaishia hapo. Mtoto alipotimiza miezi minane nilimpeleka kwa mama yangu Kagoma, wilaya ya Muleba, nikarudi chuoni nikiwa nimejifunga khanga kifuani kuzuia maziwa yasivuje darasani.

Mama yangu hakuwa mtu laini. Alikuwa mjane mwenye sauti kubwa, mgomvi wa mipaka na majirani, mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu la Kilutheri ambaye hakukubali kuongozwa na mtu. Alimfanyisha mtoto kazi tangu alipoweza kusimama. Lakini nilipokwenda kuwaona likizo nilimkuta binti yangu, miaka minne, mitano, anajua mambo ambayo sikujua aliyajua lini. Aliitambua migomba ya kibanja kizima, shamba letu la nyumbani, huu wa kupika, huu wa pombe, huu wa kuivisha, kwa kutazama shina tu. Alijua kahawa iliyokauka kwa kuitikisa sikioni. Msimu wa senene, wale panzi tunaowala, alikuwa wa kwanza kuamka, anakimbia kwenye nyasi zenye umande na kopo lake, anarudi miguu imelowa hadi magotini, anapiga magoti hivyo hivyo na tope na kunisalimu: "Kasinge waitu." Kisha anamgeukia mama yangu na kumwita Mae. Mae kwa Kihaya ni mama. Mimi niliitwa Mama wa Bukoba.

Haikunichoma wakati ule kama inavyonichoma sasa. Wakati ule niliona tatizo la lugha.

Alipokaribia miaka sita na nusu nilikwenda kumchukua. Tulikuwa tumekaa jikoni, mama anamenya ndizi za mchana, mtoto yuko nje.

"Nimemtafutia shule," nikasema. "Ya Kiingereza. Ni ya bweni, iko upande wa Kanazi."

"Kanazi? Si ni karibu na kwako?"

"Karibu, ndiyo."

"Kwa nini basi asilale kwako?"

Nilikuwa nimeanza masomo ya uzamili. Nilifundisha mchana na kusoma kila saa iliyobaki, na nyumba niliyopanga Kitendaguro ilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha vitabu. Hayo sikumwambia. Nilimwambia kwamba akili ya mtoto ni kama karatasi safi, kwamba kila mwaka anaokaa hapa bila Kiingereza karatasi inajaa mambo ambayo baadaye hayatafutika.

Mama aliacha kumenya. "Karatasi? Huyu anayenikatalia mpaka kuoga? Toka lini karatasi ikabishana?" Kisha akasema kile ambacho kwa miaka mingi nilikitumia kama ushahidi dhidi yake: "Na ukimchukua, nani atanichotea maji?"

Nikapata nilichokuwa nakitafuta. "Unaona? Unataka mtumishi, si mjukuu."

Aliendelea kumenya ndizi, maganda yakianguka pale pale kati ya miguu yake. Sasa mimi mwenyewe ni mzee, najua kwamba mtu kama mama yangu, aliyeona haya kusema "nitamkosa", alikuwa na neno moja tu la kulisemea jambo hilo, nalo ni maji.

Shule walitaka godoro, sanduku la bati, ndoo, mashuka mawili, viatu vyeusi na nywele zilizonyolewa. Mwezi wa kwanza wazazi hawakuruhusiwa kufika, eti mtoto azoee. Nilipokwenda Jumamosi ya kwanza ya kutembelea watoto, nilimkuta amesimama peke yake karibu na ukuta wa bwalo. Shingoni alikuwa amevaa kibao cha mbao kilichofungwa kwa kamba ya katani, na juu yake, kwa Kiingereza na kwa rangi nyekundu, iliandikwa kuwa leo yeye ni mjinga.

"Ni nini hiki?" nilimuuliza, kwa Kihaya.

Aliangalia nyuma yake kabla ya kujibu, na alijibu akinong'ona. Ukisema Kihaya au Kiswahili unavishwa. Unakivaa mpaka umkamate mwingine anayesema, naye unamvisha. Yeye alikuwa hajamkamata mtu tangu Alhamisi.

"Kwa nini hujamkamata mtu?"

"Sijui kusikiliza," akasema. Alimaanisha kwamba hakujua kuwanyemelea wenzake na kuwategea sikio wanapoongea.

Mwingereza wangu wa karatasi alikuwa mpinzani wa fimbo. Alishauri badala ya kumchapa mtoto mfundishe kuthamini sifa na kuogopa aibu, kwani aibu inafika ndani kuliko kiboko. Nilikuwa nimelifundisha wazo hilo wiki mbili kabla ya Jumamosi ile, na nililifundisha kama hatua ya mbele ya ubinadamu. Pale kwenye ukuta wa bwalo nilitazama aibu imeandikwa kwa rangi na kuning'inizwa juu ya kifua cha mtoto wangu, na ninakumbuka nilichofikiri. Nilifikiri: afadhali hawawachapi.

Kisha nikachuchumaa, nikamshika mabega, nikampa ushauri. Nimeshasema maneno mengi maishani mwangu, mengi mbele ya watu wanaoandika kila ninachosema. Hakuna yaliyotiiwa kama haya.

"Kama neno hulijui kwa Kiingereza," nilimwambia, "nyamaza tu."

Akanyamaza.

Wiki iliyofuata tulifika kwenye maisha ya yule mtu wa Geneva. Kwenye darasa langu kulikuwa na mwanafunzi mmoja mtu mzima, mama wa watoto watatu aliyefundisha miaka mingi bila cheti kabla ya kuja chuoni. Alikuwa na tabia ya kuuliza maswali akiwa ameinamia daftari, kana kwamba analiuliza daftari.

"Madam," alisema, "huyu baba alikuwa na watoto?"

Nilijua jibu. Lilikuwa kwenye vitabu vyote, kwa kawaida katika tanbihi. "Alipata watano," nikasema. "Aliwapeleka wote kwenye nyumba ya watoto waliotupwa. Mmoja mmoja, kila alipozaliwa."

Darasa lililipuka kwa kicheko. Mtu mmoja nyuma akapiga meza. "Na wale wengine wawili?" akauliza kijana wa mbele. Nikawaambia ukweli: Mwingereza hakuwa na mtoto, Mjerumani hakuoa wala kuzaa. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Yule mama hakucheka.

"Sasa tunawasoma wa nini, Madam? Aliyekuwa na watoto ni mmoja tu, na ndiye aliyewatupa."

Nilikuwa na jibu la swali hilo, jibu zuri, nililolinoa kwa miaka. Niliwaambia kwamba wazo na maisha ya mwenye wazo ni vitu viwili; kwamba daktari anayevuta sigara hasemi uongo anapokukataza kuvuta. Niliwaambia yule mtu mwenyewe alikiri uzeeni kwamba jambo hilo lilimtesa. Niliwaambia tunasoma mawazo, hatumsomi mtu. Waliandika yote. Yule mama naye aliandika, lakini aliponyanyua uso alinitazama muda mrefu kidogo kuliko heshima inavyoruhusu. Hakujua lolote juu yangu. Hakuna aliyejua chuoni. Nilikuwa Madam asiye na mtoto, kwa jinsi walivyoniona.

Kengele ilipogongwa nilikuta simu mbili nilizozikosa. Nilimpigia mlezi wa bweni. Alisema mtoto amekojoa kitandani siku ya tatu mfululizo, na kwa utaratibu wao amebeba godoro lake kichwani wakati wa mstari wa asubuhi, mbele ya shule nzima. Hakuwa mkali alipokuwa akinieleza. "Hata halii, mama. Ndiyo maana nimepiga. Wenzake wanalia."

Kutoka chuoni mpaka shuleni kwake, kwa pikipiki, ilikuwa chini ya saa moja. Nilikuwa natakiwa kumpelekea msimamizi wangu wa masomo sura mbili mwisho wa wiki ile. Nilimwambia mlezi nitakuja Jumamosi. Jumamosi ile sikwenda. Nilikwenda iliyofuata, na biskuti na juisi. Binti yangu alizipokea kwa mikono miwili, akasema kwa Kiingereza kwamba anashukuru, na tukakaa kwenye benchi saa nzima, mimi nikiuliza, yeye akiitikia kwa kichwa.

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu mtazamo wa wanafalsafa hao watatu juu ya utoto, na kama mtazamo huo una nafasi katika shule zetu. Nilikuwa nimekwama kwenye sura ya nne, iliyotakiwa kuwa na mifano kutoka mazingira yetu. Likizo ya Desemba nilimpeleka mtoto Kagoma, nikabeba na daftari langu.

Mama alikuwa amepika matoke kwa maharage na kutandika mkeka mpya. Aliposikia gari alitoka mbio kama msichana. Alipanua mikono na kumwita mtoto kwa jina la kumdekeza ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Mtoto akasimama. Hakupiga magoti, hakusalimu. Mama akarudia kwa sauti ya chini, kwa Kihaya: hunijui? Nikaona mkono wa binti yangu unapanda, unagusa kifua, unapapasa pale ambapo kibao kingekuwa. Kisha alinitazama mimi, ili nimwambie kama inaruhusiwa.

"Msalimu Mae," nikasema.

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Tulikula. Mama hakuniangalia mpaka alipokuwa anakusanya sahani. "Nilikupa mtoto anayeongea," alisema. "Umenirudishia mgeni." Nikamweleza kuhusu hatua za kujifunza lugha, kwamba kipindi cha ukimya ni cha kawaida, kwamba kitapita. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na chako wewe kilipita lini?"

Siku ya tatu jioni nilitoka nyuma ya nyumba kuanua nguo, nikasikia mtu anaongea. Kwenye migomba, pale mama alipofunga mbuzi wake, binti yangu alikuwa amechuchumaa, mdomo karibu na sikio la mbuzi. Alikuwa anasema Kihaya. Alinong'ona upesi upesi, maneno yakikanyagana, kama mtu aliyezuiwa kupumua na sasa ameachiwa. Alimsimulia mbuzi habari za godoro. Alimsimulia habari za msichana fulani wa bwenini aliyemficha ili asikamatwe. Alimuuliza mbuzi kama bado anamkumbuka yeye. Kila baada ya maneno machache aligeuza kichwa kuangalia kama kuna mtu.

Nilisimama nyuma ya mgomba na nguo mikononi. Ningeweza kwenda. Zilikuwa hatua kumi, au chini ya hapo. Ningechuchumaa upande wa pili wa yule mbuzi na kusema chochote kwa Kihaya, hata neno moja la kijinga, na nadhani maisha yetu yote mawili yangekwenda njia nyingine.

Nilirudi ndani taratibu, nisimshtue, nikatafuta daftari na kalamu. Niliandika kila kitu kikiwa bado kibichi.

Msimamizi wangu alisema huo ndio mfano bora kuliko yote katika tasnifu nzima. Pembeni mwa ukurasa aliweka alama mbili za pongezi. Nilipoitetea kazi yangu Dar es Salaam, mmoja wa watahini aliniomba niusome mfano ule kwa sauti, na nilipomaliza mwanamama mmoja kwenye jopo alivua miwani akafuta macho. Nilipewa daraja la juu. Sikumtoa mtoto shuleni.

Alizoea. Hilo ndilo neno walimu tunalolipenda. Alipofika darasa la nne alikuwa wa kwanza katika Kiingereza, la tano alikuwa kiongozi wa bweni, na sikumuuliza kama naye huwavisha wengine kibao. Likizo alisoma vitabu kwenye baraza ya mama yangu, na mama alipita mbele yake na ndoo yake ya maji bila kumwambia kitu. Waliheshimiana kama wapangaji wa nyumba moja.

Mama alifariki mtoto akiwa darasa la saba, zikiwa zimebaki wiki chache mtihani wa taifa. Alianguka kibanjani asubuhi, mchana hakuwapo. Darasa la saba lilikuwa limefungiwa kambini kujiandaa. Nilikwenda ofisini kwa mkuu wa shule, naye akaongea nami kama mwalimu na mwalimu mwenzake: mtoto huyu tunamtegemea, tukimwambia sasa tutamvuruga akili, atazika na kuondoka lakini mtihani haurudi. Sijui nilitegemea aseme nini. Niliitikia kwa kichwa kabla hajamaliza. Wakati napita uwanjani kutoka, nilimwona kwa mbali amekaa na wenzake chini ya mti, karatasi za mazoezi mapajani. Alininyoshea mkono. Nikampungia, nikaenda kuzika.

Nilimwambia siku ya kufunga kambi, kwenye benchi nje ya ofisi, sanduku lake likiwa kati yetu. Nilitumia Kiswahili. Alinisikiliza kwa utulivu ule aliofundishwa.

"Lini?" akauliza.

Nikamwambia.

"Kumbe siku ile ulipokuja."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaenda kule."

"Ndiyo. Tuliona tusikuvuruge."

"Sawa, Mama." Akainuka, akashika mkono mmoja wa sanduku, akangoja nishike wa pili.

Kesho yake tulikuwa Kagoma. Mama alizikwa ndani ya kibanja, kama ilivyo desturi yetu, na udongo ulikuwa bado haujakaa. Binti yangu alisimama kando ya kaburi muda mrefu na midomo yake ilikuwa inajaribu kitu. Nilidhani anasali. Kisha aligeuka na kuniuliza, kwa Kiswahili chake kisafi cha shuleni:

"Mama, kwa Kihaya tunasemaje 'sikuambiwa'?"

Nilimwambia. Ni neno moja tu. Akalirudia, akakosea. Nikalitamka tena polepole, kama ninavyowafanyia wanafunzi. Akamgeukia mama yangu akalisema mara mbili, mkazo ukianguka mahali pasipo pake, kama wasemavyo watu waliokuja kufanya kazi kwetu kutoka mbali.

Alifaulu kwa alama za juu. Walichapisha picha yake kwenye kalenda ya shule.

Sasa ni mfamasia Mwanza, ana mume mpole na mtoto wa kike wa miaka mitatu. Mwaka niliostaafu alichukua ruhusa akaja kunisaidia kuhamisha vitabu vyangu kutoka chuoni hadi nyumbani kwangu Kitendaguro. Nilifurahi mno. Nilimpikia, nikamtandikia chumba. Siku ya pili asubuhi nilikuwa jikoni nikaona kelele za maboksi zimekoma. Nilimkuta sakafuni, miguu ameikunja, tasnifu yangu yenye jalada jeusi imefunguka mapajani. Imeandikwa kwa Kiingereza. Kiingereza nilichomtafutia ndicho alichonisomea.

"Huyu mtoto wa sura ya nne ni nani?" akauliza.

"Ni mfano tu. Katika utafiti hatutaji watu."

"Kagoma haikutajwa. Lakini bibi yupo. Mbuzi yupo." Akaanza kunitafsiria kwa sauti, mstari kwa mstari, kana kwamba mimi ndiye nisiyeijua lugha ile: mtoto wa kike, miaka sita na miezi tisa, anaonyesha dalili za kuikimbia lugha mbele ya watu wazima, mtafiti alimwona, bila yeye kujua, akimweleza mnyama mambo ambayo hakuwahi kumweleza mzazi. Alifika mwisho wa aya. "Umehesabu mpaka miezi, Mama."

Nilisema nilikuwa kijana. Nilisema ndivyo tulivyofundishwa kufanya utafiti.

"Sikiliza," akasema. Hakupandisha sauti, hajawahi. "Mimi nilishakusamehe zamani. Nilijiambia, Mama alikuwa na kazi nyingi, alikuwa peke yake, alichoka, hakuona. Nimeishi na hilo vizuri tu. Nimemwambia hata mume wangu: mama yangu hakuona." Alifunga kitabu, akakiweka ndani ya boksi pamoja na vingine, mgongo ukitazama juu, kama alivyokuwa amevipanga vyote. "Kumbe uliona vizuri kuliko mtu yeyote."

Alimaliza maboksi yote. Ni mtu wa kumaliza kazi. Jioni alisema mtoto wake ana mafua, ni lazima awahi kurudi, na kesho yake akaondoka siku moja kabla ya tulivyopanga.

Hajanitenga. Watu wanaosikia nusu ya habari hii hudhani amenitenga. Ananipigia kila Jumapili baada ya ibada, anauliza presha, ananitumia dawa. Pasaka na Krismasi anakuja na mjukuu. Huko Mwanza amempata mama mmoja wa kwetu kanisani kwao, anamfundisha Kihaya siku za Jumamosi, naye anakisema na mtoto wake tangu alipozaliwa, na makosa yake yote. Anavuruga ngeli, anachanganya nyakati. Mtoto anamjibu kwa makosa yale yale, kwa furaha, wanacheka. Nilimsahihisha mara moja, Krismasi iliyopita. Alisema asante, na siku iliyobaki waliongea Kiswahili.

Mjukuu hajawahi kulala kwangu bila mama yake. Sijawahi kuomba, na sijawahi kukataliwa.

Kuhusu msamaha, nimejaribu mara tatu. Nimefundisha watu wazima nusu ya maisha yangu na siwezi kuanza sentensi bila kuiwekea mpango. Nasema, "Mwanangu, nataka kukuomba radhi, kwa sababu," na nikifika hapo nasikia sauti yangu inatulia, inapata nguvu, inaanza kueleza hali ya shule za wakati ule, na mshahara wa walimu, na mawazo yaliyokuwapo. Yeye huwa hanikatishi. Akisikia tu "kwa sababu" anainuka na kuanza kukusanya vitu vya mtoto, sweta, kikombe chenye mfuniko, kiatu kimoja chini ya kochi, halafu cha pili.